Barua ya wazi kwa wanaosimamia utalii wa Lindi: kabla ya mjusi wa Berlin, tazameni banda la Winton

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi, waheshimiwa madiwani, wataalamu wa halmashauri na ndugu zetu wa Makumbusho ya Taifa,

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa tulio rika moja.

Julai moja, nikiwa masomoni Australia, nilisimama kwenye kaunta ya makumbusho ya dinosaria nje ya mji mdogo uitwao Winton, jimbo la Queensland, nikaandika kwenye kitabu cha wageni: Lindi, Tanzania. Mama mtu mzima aliyekuwa akikata tiketi, mstaafu anayejitolea, alikigeuza kile kitabu, akasoma, akavua miwani. "Lindi? Ya Tendaguru?" Waheshimiwa, nimesoma msingi na sekondari Lindi, na sikumbuki siku ambayo mwalimu alilitaja jina hilo kwa furaha kama ya yule mama. Akaniuliza kilima chenyewe, kile alikochimbwa dinosaria aliyeko Berlin, tunayemwita mjusi, kikoje. Nikajikanyagakanyaga, nikasema ni mbali kidogo, barabara si nzuri. Akasubiri niendelee. Ikabidi niseme ukweli: sijawahi kufika.

Aibu ile ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Winton iko ndani sana. Kutoka Brisbane, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 1,300 kuelekea kaskazini-magharibi. Basi linakesha njiani, na saa za mwisho huoni kitu dirishani ila nyasi, ng'ombe wa hapa na pale, na kangaruu waliogongwa na malori. Udongo wake ni ule mweusi tunaouita wa mbuga: mvua ikinyesha unanasa gari, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Majira ya joto ni kawaida kupita nyuzi 40, na nzi ni wengi kiasi kwamba watu wazima wenye heshima zao wanatembea na vyandarua vya kofia usoni. Maji ya bomba yanavutwa kutoka zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, yanatoka yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, na yananuka kama yai viza. Mwenye nyumba niliyofikia alinielekeza niyaache kwenye jagi usiku kucha, harufu itajiondokea yenyewe. Ni kweli, iliondoka.

Sensa ya 2021 ilihesabu watu 1,129 katika wilaya nzima ya Winton, wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 50,000. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Lindi watu karibu milioni 1.2. Nayataja haya mapema kwa sababu kila nikisema Australia, mtu wa ofisini hunikata kauli: "Ah, wale wana hela." Wanazo, sibishi. Lakini Winton si Sydney. Watu wake wote wangekaa kwenye jukwaa moja la uwanja wa mpira na nafasi ikabaki.

Sasa tazameni watu hao wanaonyesha nini wageni. Wana jumba zima la makumbusho ya wimbo. Wimbo mmoja! Unaitwa Waltzing Matilda, ulitungwa mwaka 1895 kwenye shamba la mifugo la wilaya hiyo, unamhusu mzururaji aliyeiba kondoo, na Waaustralia wanauimba kama wimbo wao wa taifa wa pili. Mtu wa kusini mwetu, aliyekulia kwenye sindimba, lazima acheke. Nami nilicheka, halafu nikaambiwa kwamba jumba la kwanza liliteketea kwa moto Juni 2015, na Aprili 2018 wakafungua jipya. Hapo nikaacha kucheka. Wana ukumbi wa sinema wa wazi, wa tangu 1918, ambamo unakaa kwenye kiti cha turubai ukitazama picha huku nyota zikiwaka juu yako. Wana uzio wa nyaya uliofungwa kwa makusudi ili mtu aupige kama zeze; nimeupiga, ukatoa sauti nzito ya kutisha, kama nyuki ndani ya pipa. Wana ukuta mrefu alioujenga mchimbaji mmoja wa vito vya opali, ndani ya saruji akatia mashine za kukatia majani, pikipiki mbovu na takataka nyingine za chuma alizookota maishani mwake. Na hawasahau kumwambia kila mgeni kwamba Qantas, shirika kubwa la ndege la nchi yao, lilianzishwa kwao mwaka 1920, ingawa lilihama mapema tu.

Tukisema ukweli, vingi katika hivyo ni vitu vya kawaida. Ukuta wa takataka ni ukuta wa takataka. Kilichonishika ni kwamba kila kitu kina mtu wa kukisimulia, kina kibao, kina saa ya kufungua na ya kufunga, na mtu aliyekuja kwa ajili ya kimoja analala usiku mmoja zaidi kwa ajili ya vile vingine. Anakunywa chai, anajaza mafuta, anaziba pancha. Mji unakula hapo.

Lakini mimi nilifuata mifupa.

Mwaka 1999 mfugaji mmoja, David Elliott, alikuwa akiswaga kondoo kwenye shamba lake, akakuta kipande cha mfupa kilichogeuka jiwe. Wafugaji wa huko walikuwa wakiokota vipande vya namna hiyo, na wengi wakidhani ni masalia tu, kwamba chini hakuna kitu. Kumbe ni udongo ule wa mbuga. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na katika kuvimba na kusinyaa huko unasukuma mawe na mifupa kuja juu kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Kipande kilichoko juu ni barua kutoka chini. Elliott na wenzake, wakishirikiana na makumbusho ya jimbo, walichimba kupita ule udongo mweusi, na chini yake wakakuta mifupa imelala katika tabaka lake, ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 95 iliyopita.

Hapa ndipo naomba mnisome polepole. Mifupa ile ingeweza kupelekwa Brisbane ikawekwa kwenye makabati ya serikali, kila mtu akaona sawa. Wao walianzisha shirika lao lisilo la faida, jirani mmoja akawapa ardhi juu ya kilima chenye kilele bapa, kama kilomita 24 kutoka mjini, na juu ya kilima hicho wakajenga kwanza banda. Banda la kazi hasa, sakafu ya zege na meza ndefu. Jengo zuri la kupokelea wageni lilifuata baadaye. Walianza na kazi, urembo ukaja nyuma.

Niliingia bandani. Kwenye rafu kulikuwa na mabunda makubwa meupe yamepangwa hadi juu: mifupa iliyofungwa hogo, hogo hilihili la plasta analofungwa mtu aliyevunjika mguu. Kila bunda lina namba, jina la shamba ilikotoka na mwaka. Mezani walikaa watu saba au wanane, wengi wenye mvi, kila mmoja ameshika kifaa cha upepo chenye umbo la kalamu, kinacholia kama mashine ya daktari wa meno, wanabandua jiwe kwenye mfupa chembe kwa chembe. Bibi mmoja aliniambia kipande alichokuwa nacho, kisichozidi urefu wa mkono wangu, amekuwa nacho wiki ya tatu. Nikamuuliza analipwa kiasi gani. Akacheka hadi akazima mashine. Yeye ndiye aliyelipa! Watu wanatoka miji ya mbali, wanalipa kuja kufanya kazi hiyo, wanalipa tena kwenda kuchimba kwenye majira ya uchimbaji, na wanarudi mwaka unaofuata.

Kwa kazi ya namna hiyo wametoka Diamantinasaurus, mla majani mkubwa wanayemwita Matilda, na Australovenator, mla nyama wanayemwita Banjo, wote waliotangazwa kwa wanasayansi mwaka 2009. Majina hayo ya utani yametoka kwenye ule wimbo wao na kwa mtunzi wake, Banjo Paterson, mkaona jinsi kitu kimoja kinavyobeba kingine. Usiku hawawashi taa nyingi kilimani, na tangu 2019 eneo hilo linatambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza. Kwa maneno mengine, wanauza giza. Sisi Lindi giza tunalo hadi la kugawa.

Siku ya pili nilipata lifti hadi Lark Quarry, kilomita 110 kusini-magharibi mwa mji. Njiani hakuna duka, na simu yangu ilibaki ya kupigia picha tu. Unachokwenda kuona huko hata si mifupa: ni bamba la mwamba lenye nyayo zipatazo 3,300, nyingi ndogo kama za kuku, na chache kubwa. Zilifukuliwa miaka ya 1976 na 1977. Kwanza ziliezekwa paa tu, bila kuta za maana, na mvua, jua, wanyama na watu wakazila. Mwaka 2002 wakajenga jumba kamili juu yake, lenye kuta za udongo ulioshindiliwa, na 2004 likaingia kwenye orodha ya urithi wa taifa. Kwa miaka mingi simulizi ilikuwa kwamba kundi la wadogo lilitimua mbio likimkimbia mla nyama. Baadaye wanasayansi wengine wakaja na hoja kwamba hapo palikuwa kivuko cha mto, na kwamba yule mkubwa huenda alikuwa mla majani. Jina la mahali bado ni la mbio, ubishi unaendelea, na wageni hawajapungukiwa kitu. Nawaambia hili kwa sababu nimewahi kusikia ikisemwa kwetu kwamba hatuwezi kuonyesha Tendaguru mpaka kila kitu kijulikane.

Tendaguru ni kama kilomita 60 tu kutoka Lindi mjini.

Na Tendaguru haiombi kujulikana. Wajerumani walichimba hapo kuanzia 1909 hadi 1913, wakachukua zaidi ya tani 200. Mamia ya watu wetu walishika majembe, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Kiunzi kimoja, kirefu kupita mita 13 kwenda juu, kimesimama Berlin tangu 1937, ndiye yule tunayemwita mjusi. Kuna jambo dogo ambalo haliniachi: mingi ya mifupa ile ilifungwa ndani ya mianzi iliyosukwa kama dema, kazi ya mikono ya watu wetu, na hadi karne hii ya 21 baadhi ya mafungu hayo yalikuwa yamekaa Berlin bila kufunguliwa. Pale Winton, nikitazama yale mabunda meupe kwenye rafu, nilikuwa nayaona na ya mianzi.

Kila baada ya miaka michache hoja ya kumrudisha mjusi huibuka bungeni, magazeti huandika, halafu hupoa. Siipingi hoja hiyo. Ni haki yetu kuuliza mali iliyoondoka chini ya mkoloni, tena miaka michache tu baada ya Maji Maji, wakati kusini ilikuwa bado inazika watu. Ninachosema ni kwamba tumeifanya hoja ya kurudishiwa kuwa sababu ya kukaa. Mjusi akirudi kesho, waheshimiwa, atashukia wapi? Nani wa Lindi anajua kubandua jiwe kwenye mfupa, kuufunga hogo, kuuandikia namba? Winton hawakuanza na kiunzi cha mita 13. Walianza na kipande cha mfupa, banda, na watu waliokubali kujifunza.

Naomba basi vitu vya kawaida kabisa. Njia ya kwenda Tendaguru ipitike, hata kama ni ya kifusi, angalau kiangazi chote. Lindi mjini pawe na chumba, narudia chumba, si jumba la ghorofa tatu linalosubiri mfadhili, kiwekwe nakala za mifupa. Makumbusho duniani huchongeshana nakala na hupeana vipimo vya kompyuta, na Berlin wanadaiwa mambo mengi kiasi kwamba hilo ni dogo kuliomba. Vijana kumi wa vijiji vya jirani na kilima wapelekwe kufundishwa kazi ya bandani, si ya kuongoza watalii peke yake. Tanzania inao wasomi wa kuwafundisha, na watafiti wa nje wanaopewa vibali wanaweza kuwekewa sharti hilo kwenye karatasi.

Na majina, jamani. Kwenye bonde la Rukwa na maeneo jirani wanasayansi wamewapa wanyama wa kale majina ya Kiswahili: yupo Shingopana, yupo Mnyamawamtuka, ambaye jina lake la pili ni moyowamkia kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Huyo wa mwisho ni wa ukoo uleule wa Matilda wa Winton. Muulizeni mtoto yeyote wa darasa la sita Lindi kama amewahi kumsikia. Winton wangekuwa na Mnyamawamtuka, angekuwa kwenye vikombe, fulana na mlango wa baa.

Najua tofauti zipo. Wale wageni wao wengi ni wastaafu wenye magari na karavani zao, wanaokuja miezi ya baridi na kuondoka joto likianza. Ardhi ni ya wafugaji wakubwa wenye hati. Serikali ya jimbo nayo imewatilia fedha. Sisi tutapata wanafunzi wa shule kwanza kabla ya mzungu yeyote, na kiingilio chao kitakuwa kidogo. Sawa. Basi la wanafunzi kutoka Nachingwea nalo linahitaji chakula cha mchana, na mama lishe wa Lindi hajali aliyelipa ni mtalii au mwalimu.

Winton nayo si malaika. Ardhi ile ni ya Wakoa, wenyeji wa asili, na katika hifadhi ya Bladensburg, karibu na mji, kuna mahali walipouawa kwa wingi katika karne ya 19 wafugaji walipokuwa wakiichukua nchi. Nilipokuwa pale nilisikia habari za wimbo mara ishirini na habari hiyo mara moja. Sisi tusirudie. Chumba chetu kikifunguliwa, jina la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji Tendaguru, liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule wa majina ya maprofesa, na wapagazi wapewe ukuta wao.

Niliporudi nyumbani nilikwenda, maana nilikuwa nadaiwa jibu. Ofisi ya kwanza niliyoulizia utaratibu ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, siku ya tatu nikapewa jina la mwenyekiti wa kijiji kwa mdomo. Mwezi wa tisa, nyasi zimeungua, nikakodi bodaboda. Kijana alinifikisha hadi njia ilipogeuka mchanga, tukamalizia kwa miguu na mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa anapajua. Akatuonyesha mashimo ya Wajerumani: ni mabonde tu sasa, yamejaa miti na upupu. Mzee akasema babu yake alibeba. Hakusema alibeba nini.

Tukiwa tunashuka, kijana wa bodaboda akainama akaokota jiwe la rangi ya kahawia, urefu wa kidole, ndani lina vijitundu kama mkate. "Si walisema Wajerumani walichukua yote? Hiki nini?" Nilikigusa ncha ya ulimi, kama nilivyoona wanafanya kule bandani, mfupa hunata kwenye ulimi, jiwe halinati. Kikanata. Mzee akatuambia tukirudishe. Tukakiweka palepale, tukapanga mawe matatu kukizunguka, nikapiga picha na kuandika mahali kwenye daftari. Daftari ninalo. Nipigieni siku yoyote, nitawapeleka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwana wa Lindi